Miji Midogo ya Colorado

Msomaji, ukijaliwa kufika jimbo la Colorado, Marekani, usikomee Denver. Panda milimani hadi Leadville, mita 3,094 juu ya bahari. Sisi watu wa pwani hapo hutweta. Madini ya fedha yalimtajirisha Horace Tabor, akajenga jumba la michezo ya kuigiza mwaka 1879. Bei ilipoanguka 1893 akafilisika. Mjane wake, Baby Doe, alikutwa amekufa kibandani penye mgodi mwaka 1935. Jumba lingalipo.

Kisha shuka mbugani, La Junta. Karibu nayo ipo ngome ya Bent, ya matofali ya udongo uliokaushwa juani, iliyojengwa upya 1976. Zamani Wacheyenne wakibadilishana humo ngozi za nyati kwa bidhaa. Wageni wengi huiacha, wakitaka milima tu. Mimi ningeitengea siku nzima.