Nguvu na Nishati

Wakazi wa Temeke na Kinondoni husema "umeme umekwisha" pindi hesabu ya LUKU ifikapo sifuri, na "makaa yamekwisha" gunia likibaki vumbi. Kwa lugha ya kila siku usemi huo ni sahihi. Kisayansi, kilichokwisha ni malipo au bidhaa. Nishati haiishi, bali hugeuka sura.

Hapo ndipo neno nguvu linaposhindwa. Nguvu husemwa juu ya mtu, dawa, serikali, hata hoja, nayo hupungua na kwisha. Nishati, litokalo katika Kiarabu nashat, yaani uchangamfu, halina mzigo huo.

Yatazamwe makaa yauzwayo Mbagala. Majani ya mti yalipokea mwanga wa jua, yakaunda sukari kwa maji na hewa ya kaboni, na sukari ikajenga mti. Katika tanuri la udongo sehemu kubwa ya nishati ile ilitoka kwa moshi na joto. Iliyosalia huchemsha maharage, kisha hutawanyika hewani, isikusanyike tena. Hali kadhalika umeme wa Bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kuzalisha mwaka 2024: ni jua lililoyainua maji angani kabla hayajanyesha na kuingia Rufiji. Na yuniti moja ya LUKU ni juli 3,600,000. Kinachonunuliwa, basi, ni nishati, umeme ukiwa mchukuzi tu.

Kamusi ikiifasiri nishati kuwa "nguvu ya kufanyia kazi", humrudisha msomaji kule kule. "Uwezo wa kufanya kazi" ni fasiri iliyo salama zaidi.