Nyungunyungu Wageuzao Maganda Kuwa Mbolea

Katika mji wa Nairobi maganda ya viazi na ndizi, mabua ya sukuma wiki na majani ya chai yaliyokwisha kupikwa hutupwa pamoja na chupa na mikebe. Takataka hizo zikizolewa Kangemi au Kawangware, huvuka mji mzima hata kufika jaa la Dandora, lililofunguliwa mwaka 1975. Ilitangazwa mwaka 2001 ya kuwa jaa hilo limejaa, wala magari hayajaacha kumwaga huko. Maganda yakifukiwa chini ya takataka nyingine huoza bila hewa, yakatoa uvundo na maji machafu, na Mto Nairobi unapita karibu. Kumbe mwenye bustani ya Kangemi hununua mbolea dukani! Hasara hiyo ni mara mbili.

Sheria ya Kenya ya mwaka 2022 juu ya taka yataka vitu viozavyo vitengwe na visivyooza. Basi mwenye nyumba akiisha kuvitenga, anaweza kuvigeuza mbolea hapo hapo nyumbani kwa msaada wa nyungunyungu.

Lakini si kila nyungunyungu afaaye. Yule anayechimbuliwa kwa jembe katika udongo mwekundu wa Kabete hukaa ndani ya ardhi, na akitiwa sandukuni hufa au hutoroka. Anayetakiwa ni yule mdogo mwekundu, ambaye wataalamu humwita Eisenia fetida. Makao yake ni penye samadi na majani yaozayo, naye hupatikana kwa wakulima wanaomfuga. Hana meno, hula kilichokwisha kulainika, nacho husagwa tumboni pamoja na chembe za mchanga. Hupumua kwa ngozi yake, na kwa hiyo pakikauka hufa, na maji yakituama hufa vile vile.

Kazi yenyewe ni rahisi. Litwaliwe sanduku la mbao au beseni kuukuu, kina chake kiasi cha sentimita 30, litobolewe matundu chini ili maji yatoke. Ndani yatandazwe magazeti yaliyochanwa au majani makavu, yaliyoloweshwa yakawa kama kitambaa kilichokamuliwa. Juu yake wawekwe nyungunyungu, na sanduku lifunikwe, maana hawapendi mwanga. Chakula kikatwe vipande vidogo na kufukiwa, wala kisiachwe wazi, kisije kikaita nzi. Nyungunyungu wa kilo moja wakistawi huweza kula yapata nusu kilo kwa siku. Lakini mwanzoni wapewe kidogo, na wasiongezwe kabla hawajamaliza.

Nyama, mifupa, maziwa na mafuta visitiwe kamwe, maana huleta panya na harufu. Maganda ya machungwa na vitunguu yawe machache. Maganda ya mayai yaliyopondwa ni mazuri. Harufu mbaya ikitokea, ni dalili ya kuwa chakula kimezidi au pamelowa mno. Dawa yake ni kupunguza chakula na kuongeza karatasi kavu. Ili kuzuia siafu, miguu ya sanduku isimamishwe ndani ya makopo ya maji.

Hali ya hewa ya Nairobi, iliyo kiasi cha mita 1,700 juu ya bahari, yawafaa sana wadudu hawa, mradi sanduku liwekwe kivulini, mbali na joto la mabati.

Baada ya miezi mitatu au minne huonekana mbolea nyeusi, laini, yenye harufu ya udongo wa msituni. Ili kuivuna, chakula kipya kiwekwe upande mmoja tu. Nyungunyungu watahamia huko, na mbolea ya upande wa pili itachotwa. Konzi moja au mbili kwa kila shina la mboga zatosha, hata kwa mboga zilizopandwa katika gunia mlangoni.

Hivyo lile ganda ambalo lingesafiri mpaka Dandora hurudi mezani likiwa sukuma wiki.