Makosa ya Biashara Ndogo, Sehemu ya 3: Kodi Ambayo Mwenye Nyumba Hajitozi

Katika sehemu mbili zilizopita tulizungumzia namna ya kuchagua biashara na namna ya kuchagua mahali. Leo tunaingia dukani kwenyewe, na duka tutakaloingia liko Komarock, Nairobi, kwa kuwa mtaa huo una kosa ambalo si rahisi kuliona katika mitaa ya wapangaji watupu.

Komarock ilijengwa kwa awamu kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 na Kenya Building Society, kampuni tanzu ya Housing Finance. Nyumba ziliuzwa kwa mikopo ya miaka mingi kwa watu wa mishahara, na ramani yake ilikuwa ya watu kulala na kulea watoto, si kuchuuza. Kisha mishahara ikaanza kushindwa na bei za vitu, wengine wakastaafu, na kuta za mbele zikaanza kutobolewa. Ukipita leo katika barabara za ndani, kati ya Barabara ya Kangundo na upande wa Kayole, utakuta pembeni mwa geti pana dirisha la duka la rejareja, mahali pa kuegesha gari pamekuwa saluni, na ua umeezekwa mabati ili kuuzia gesi na maji ya mitungi.

Muulize mwenye duka la aina hiyo biashara inaendaje. Mara nyingi atakujibu kwa fahari kwamba yeye halipi kodi. Ni kweli, halipi. Lakini chumba kile kina bei. Tuseme kuna kinyozi anayekitaka kwa shilingi 12,000 kwa mwezi, na duka, baada ya kutoa gharama za mali na stima, linabakisha 20,000. Hapo biashara imeleta 8,000. Zile 12,000 zimeletwa na nyumba, na zingekuja hata kama mwenyewe angekaa sebuleni akitazama taarifa ya habari. Sasa ongeza kwamba anafungua saa kumi na mbili asubuhi na kufunga saa nne usiku, siku saba kwa wiki. Angemwajiri kijana wa kusimama kaunta saa hizo zote, je, angempa 8,000 na kijana akubali?

Sisemi afunge. Mstaafu anayependa kukaa karibu na wajukuu na kusalimiana na mtaa anapata kitu ambacho hesabu haikiandiki. Balaa huja anapolitazama duka hilo, akaliona linalipa, akaamua kufungua la pili Saika au Kayole. Kule mwenye jengo anataka kodi yake kila tarehe tano na msaidizi anataka mshahara. Mali ni ileile, bei ni zilezile, na mwenye duka ni yuleyule mwenye bidii, lakini miezi michache baadaye rafu ni tupu. Atalaumu wateja, au jirani mwenye jicho baya, ilhali tofauti kubwa ni kwamba duka la pili halikuwa na nyumba ya kulilisha.

Dawa yake haina gharama: jitoze kodi, jilipe mshahara. Andika kiasi cha chumba na kiasi cha kazi yako kwenye daftari kila mwezi, hata kama pesa hazitoki mfuko mmoja kwenda mwingine. Kinachobaki ndicho faida. Kikiwa hasi, angalau umejua unagharimia nini.

Suala la mifuko linatuleta kwenye simu. M-Pesa ilianza Machi 2007, na huduma ya Lipa na M-Pesa kwa nambari ya tili ikafuata mwaka 2013, lakini bado kuna maduka mengi ambako mteja anaambiwa, “Tuma tu kwa namba yangu.” Namba hiyo hiyo ndiyo inayolipa karo, chama, mchango wa matanga na tokeni za stima. Jioni salio haliwezi kukueleza chochote. Tangu Fuliza ianze mwaka 2019 mambo yamekuwa mabaya zaidi. Usiku umefuliza ili kununua tokeni. Asubuhi mteja wa kwanza anatuma shilingi 65 za mkate, nazo zinamezwa kulipa deni la stima ya nyumbani. Mkate umetoka, pesa imeingia ikapotelea humohumo, na mwenye mkate atakapopita kesho utamwambia biashara ni mbaya. Tenga laini au tili ya duka, na usifulize kwayo kwa jambo lolote la nyumbani.

Hata wakubwa wameangukia hapo. Nakumatt, iliyoanza kama duka la magodoro Nakuru na kufikia matawi zaidi ya sitini Afrika Mashariki, iliwekwa chini ya msimamizi Januari 2018 na miaka miwili baadaye wadai wakapiga kura ivunjwe. Ilikuwa na deni la zaidi ya shilingi bilioni 30, sehemu kubwa ikiwa ya waliokuwa wakiiletea bidhaa. Sababu zake zilikuwa nyingi, ila moja kila mwenye kioski anaijua: pesa zilizokuwa kwenye kaunta zilionekana ni za duka, kumbe zilikuwa za wenye mali.

Sasa kuhusu kukopesha. “Mama Shiru, niandikie mkate na maziwa, nitapitia jioni.” Utamkatalia vipi mtu mliyesomesha watoto pamoja na kuzikiana kwa miaka thelathini? Lile tangazo la “Hakuna deni” lililobandikwa dirishani halimzuii yeyote, linamwaibisha tu mgeni. Hata hivyo hesabu yake ni kali. Mkate unaonunuliwa kwa 60 na kuuzwa 65 una faida ya shilingi tano. Mmoja ukiliwa usilipwe, sharti uuze mingine 12 ndipo urudishe zile 60, na hadi hapo hujapata hata senti. Tena Komarock ya leo si ile ya majirani wa kudumu. Nyumba nyingi zimepandishwa ghorofa, na mpangaji aliyeandikiwa vitu vya elfu tatu anaweza kuhama usiku na godoro lake. Mimi ningeweka kikomo: kila nyumba iwe na kiwango chake, kiandikwe juu ya ukurasa wake mwezi unapoanza, na kikifika, daftari ndilo likatae badala yako.

Utafiti wa Shirika la Taifa la Takwimu uliochapishwa mwaka 2016 ulikadiria kwamba biashara ndogo na za kati milioni 2.2 zilikuwa zimefungwa katika miaka mitano. Sababu iliyotajwa mara nyingi ilikuwa upungufu wa pesa za kuendeshea. Nina shaka kidogo, si na takwimu bali na jibu. Anayekula mtaji Januari kwa karo ataona rafu tupu Februari na kusema amekosa mtaji, na dawa inayomjia kwanza ni mkopo wa simu.

Mkopo huo si mbaya wala mzuri wenyewe. Inategemea mali inazunguka kwa kasi gani. M-Shwari ilipoanza Novemba 2012 ilitoza asilimia 7.5 kwa siku thelathini. Chukua 10,000 kwa bei hiyo, yaani 750 za ada. Ukinunua unga na sukari zenye faida ya asilimia 8, zikaisha kila wiki na wewe ukarudisha mtaji kwenye mali ileile, mwezi mmoja unakupa mizunguko minne, karibu 3,200. Ada umeimudu. Ukinunua viatu Kamukunji kwa faida hiyohiyo, vikakaa mwezi mzima, unapata 800, unalipa 750, na umefanya kazi mwezi kwa shilingi 50. Kwa hiyo kabla hujabonyeza simu, fungua daftari uone bunda la mwisho la unga ulilinunua lini na liliisha lini.

Wiki ijayo: kibali cha kaunti na kodi ya mauzo.