Tiba ya Maneno kwa Simu: Je, Ni Sawa na ya Ana kwa Ana?

Mama mmoja wa kijiji cha wilaya ya Bahi alikuwa mwanafunzi hodari katika darasa letu la kisomo. Masika iliyopita aliacha kuja. Tulipokwenda kumtazama tulimkuta amekaa nyuma ya nyumba, na mtama umezidiwa na magugu. Usiku halali. Chakula hakipiti. Akatuambia, "Mawazo mengi tu, mwalimu."

Kwa wataalamu hali hiyo huitwa sonona. Si uvivu wala si kurogwa. Ni ugonjwa, na unatibika kwa vidonge au kwa mazungumzo ya mpango maalumu na mtu aliyefunzwa, au kwa vyote viwili. Hapa Dodoma tunayo Hospitali ya Mirembe, iliyoanza mwaka 1927, na jirani yake wauguzi hufundishwa kazi hiyo. Basi mama huyu aliambiwa awe anafika mjini kila wiki kwa mazungumzo. Nauli ndiyo hiyo hiyo pesa ya chumvi na ya sare za watoto.

Hapo mtoto wa kaka yake, anayesoma mjini, akasema: "Shangazi, usihangaike. Siku hizi tiba hii hupatikana kwa simu. Utafiti umethibitisha kuwa ni sawa tu." Familia ikatuletea swali: ni kweli? Tukaona tulijibu hapa, maana maneno "utafiti umethibitisha" siku hizi yanasemwa kila mahali, hata na wauza dawa za mnadani.

Kwanza tuelewe jinsi utafiti huo unavyofanywa. Ukitaka kujua kama samadi inafaa kuliko mbolea ya dukani, huweki samadi bondeni na mbolea mlimani. Mavuno yakitofautiana, utajuaje kama ni mbolea au ni udongo? Unagawa shamba moja vipande, unapiga kura kipande gani kipate nini. Kwa wagonjwa ni vivyo hivyo. Kura ndiyo inayoamua nani apate tiba ya simu na nani aende mwenyewe. Wakichagua wenyewe, wenye nguvu ndio watakaokwenda, na hapo hesabu imeharibika.

Utafiti mmoja mzuri wa namna hiyo ulifanyika Chicago, Marekani. Uliongozwa na David Mohr, ukachapishwa mwaka 2012. Wagonjwa wa sonona 325 walipigiwa kura. Nusu walizungumza na mtaalamu kwa simu ya kawaida, nusu walimfuata ofisini. Vikao vilikuwa 18. Mwisho wa tiba makundi yote mawili yalikuwa yamepata nafuu, na tofauti kubwa haikuonekana. Tena, waliokatiza tiba ya simu walikuwa kama 21 katika kila 100, na wa ofisini kama 33. Kijana angeishia hapo angesema, "Mmeona?"

Lakini tusifunge kitabu mapema. Watafiti waliwapima tena baada ya miezi sita. Safari hii waliokutana na mtaalamu uso kwa uso walikuwa na hali njema kidogo kuliko wa simu. Kwa hiyo jibu linategemea unauliza siku gani. Ni kama kusifu mbegu kwa kuangalia miche, mavuno bado.

Mwaka 2018 Per Carlbring wa Uswidi na wenzake walikusanya tafiti 20 za tiba kwa intaneti, zenye watu 1,418. Waliona matokeo yanalingana na ya ana kwa ana. Ni habari njema. Hata hivyo angalia vizuri: si wote walikuwa na sonona, wengine walikuwa na hofu au kukosa usingizi. Na intaneti hiyo haikuwa mashine peke yake. Alikuwapo mtaalamu anayewaandikia na kuwafuatilia.

Tuulize pia ni nani hakuhesabiwa. Tafiti nyingi za namna hii huwaacha nje watu wenye hatari kubwa ya kujiua. Kwa hiyo haziwezi kutuambia lolote juu yao. Mtu wa namna hiyo apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo, asiachwe peke yake na simu. Vilevile mgonjwa wa Chicago ana simu yake na chumba chake cha kufunga mlango. Mama yetu simu ni ya mume, na mtandao unashika karibu na kisima, mbele ya watu wote wanaoteka maji. Atasema yapi hapo?

Na je, ugonjwa ulipimwaje? Mara nyingi ni kwa maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, kila swali alama 0 hadi 3, jumla 27. Maswali yakitafsiriwa vibaya hupima kitu kingine. Huko Uganda, watafiti kwenye utafiti wa vijiji 30 vya Rakai na Masaka uliotolewa mwaka 2003, walianza kwa kuwauliza wanavijiji huita nini huzuni hiyo. Wakapewa maneno mawili, yo'kwekyawa na okwekubazida. Wakatibu kwa vikundi, wiki 16, viongozi wakiwa watu wa huko huko waliofunzwa wiki mbili tu. Mwishoni waliobaki na sonona walikuwa karibu 7 katika 100, na kwenye vijiji visivyopata tiba hiyo 55. Sisi utafiti huu tunaupenda kuliko wa Chicago, kwa sababu umefanywa kwa watu wanaoshika jembe.

Familia tuliijibu hivi: simu si uongo, ila tafiti hizi hazikuipima kwa mtu kama shangazi yenu. Mkaongee na muuguzi. Wakaenda. Muuguzi akakubali afike mjini mara moja kwa mwezi, na wiki nyingine apigiwe saa kumi alasiri, simu ikiwa nyumbani kwa jirani mwenye mtandao na chumba cha uani. Maswali tisa anajaza mwenyewe kwa kalamu, kusoma anajua. Mara ya kwanza alipata 17. Wiki iliyopita alipata 11.