Je, Wajua? Seva Imewashwa Upya, Bei ya Zamani Bado Ipo

Je, wajua kuwa kuzima na kuwasha seva hufuta kwa hakika kitu kimoja tu, yaani kilichokuwa kwenye RAM? Kilichoandikwa diski kipo. Kilicho kwenye simu ya mkulima wa pamba kule Meatu nacho kipo, wala simu hiyo haina habari kwamba fundi yuko Bariadi anabonyeza vitufe. Umeme ukikatika na kurudi mara tatu kwa siku, seva itawaka upya mara tatu, na tovuti bado itaonyesha bei ya pamba ya msimu uliopita.

Je, wajua kuwa Redis, hifadhi ya data inayotumika kuweka nakala za muda, huamka na kumbukumbu zake? Memcached, aliyoiandika Brad Fitzpatrick mwaka 2003 kwa ajili ya LiveJournal, hukaa kwenye RAM na ikizimwa husahau yote. Redis ya Mwitaliano Salvatore Sanfilippo, iliyotoka 2009, haiko hivyo. Kwa mipangilio yake ya kawaida, ukiizima kwa utaratibu huandika kwanza data yake kwenye faili la dump.rdb, na ikiwaka hulisoma faili hilo. Kwa hiyo ukiizima kwa adabu, takwimu kuukuu zinarudi zote. Umeme ukikatika ghafla, huenda zikapotea zile tu zilizoingia baada ya faili kuandikwa mara ya mwisho. Tena ukiwasha upya programu yako ya wavuti peke yake, Redis haijaguswa hata kidogo.

Amri ya FLUSHALL itaifuta, ndiyo. Lakini kama humo ndimo zinamokaa taarifa za walioingia kwenye mfumo, makarani wote wa ununuzi watatupwa nje katikati ya kupima pamba. Futa ufunguo unaohusika, basi.

Je, wajua kuwa Laravel, mfumo wa PHP wa kujengea tovuti, inaweza kupuuza faili lako la mipangilio la .env? Mtu akishaendesha php artisan config:cache, mipangilio huandikwa kwenye bootstrap/cache/config.php, na .env haisomwi tena. Washa seva hadi uchoke. Dawa ni php artisan config:clear. Nginx nayo, ikipangwa kutumia proxy_cache_path, huweka nakala za majibu diski.

Je, wajua kuwa Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012? Bariadi, Maswa na Meatu zilitoka Shinyanga. Busega ilimegwa kutoka Magu, mkoani Mwanza. Orodha ya mikoa ni data ambayo waandishi wa programu hupenda kuihifadhi bila ukomo, eti haibadiliki. Fomu yoyote inayoendelea kuiweka Lamadi chini ya Mwanza ina nakala ya zamani mahali fulani, na aliyeiweka aliamini mipaka ni ya milele.

Je, wajua kuwa “no-cache” katika kichwa cha Cache-Control cha jibu la seva haikatazi kuhifadhi? Inaruhusu nakala iwekwe, ila ihakikiwe kwa seva kabla ya kutumika. Inayokataza ni “no-store”. Aliyezipa majina amri hizi angetuonea huruma.

Je, wajua pa kuanzia uchunguzi? Andika curl -I na anwani ya ukurasa, kisha soma vichwa vya jibu. “Age: 86400” maana yake nakala imekaa siku nzima kwa mtu wa kati, yaani seva iliyo kati ya kivinjari na programu yako, si kwenye programu yenyewe. Curl bila -I ikileta bei mpya huku simu ikionyesha ya zamani, achana na seva. Kwa kawaida tatizo liko kwenye kivinjari.

Je, wajua kuwa max-age=31536000 ni mwaka mzima kwa sekunde? Faili la JavaScript likipewa muda huo bila kubadilishiwa jina kila toleo, simu ina ruhusa ya kutokuuliza chochote hadi msimu mwingine wa pamba. Uelekezaji wa 301 nao huhifadhiwa, hata kama hukuagiza.

Na mkaidi kuliko wote ni “service worker”: programu ndogo inayoishi ndani ya kivinjari na inayoweza kufungua tovuti hata seva ikiwa imezimwa kabisa. Kumtoa kwa mbali, tuma kichwa cha Clear-Site-Data chenye neno “storage” kupitia HTTPS. Kitafuta pia fomu ambazo karani alijaza bila mtandao na hajazituma, hivyo mpigie simu kwanza.