Grini mpya ya gofu ngumu kama sakafu: kosa la kibarua au la mchanga?

Naandika kutoka Ilagala. Najua kuna atakayecheka, mtu anaandika habari za gofu kutoka kijiji kisicho na hata shimo moja la gofu. Huku kwetu kuna ziwa, kuna mto Malagarasi, michikichi na dagaa, basi. Lakini gofu imetugusa, tena pabaya. Kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, alikuwa kibarua kwenye uwanja mpya wa gofu mbali na huku (jina naliacha, sitaki kesi). Akafukuzwa. Kosa lake? Eti "ameua grini". Wachezaji walilalamika mpira ukidondoka unadunda kama umeangukia saruji, msimamizi akatafuta wa kumbebesha mzigo, akampata yeye kwa sababu ndiye alikuwa anavuta rola. Karudi nyumbani na begi moja, na mama mkubwa mpaka leo anaamini mwanawe kaharibu mali ya watu.

Nikaanza kusoma. Nimesoma usiku mwingi kwenye simu, bando likiisha naazima. Na nilichokuta ni kwamba grini mpya HUWA ngumu. Ndivyo ilivyo.

Kwa wasioifahamu, grini ni kile kipande cha majani mafupi sana kinachozunguka shimo, pale mchezaji anapousukuma mpira taratibu uingie. Majani yanakatwa mpaka yanabaki milimita chache tu. Mpira unatoka mbali, unapaa, unatakiwa utue hapo na usimame. Ukitua na kudunda ukapitiliza nyuma, mchezaji lazima akasirike.

Sasa akili ya kawaida inasema hivi: udongo mpya ni laini, ukikanyagwa sana unakuwa mgumu. Huku Ilagala kila mtu anajua. Tuta la mihogo lililolimwa jana mguu unazama, njia ya kwenda ziwani ni ngumu kama tofali. Kwa hiyo mtu akikuta grini ya miezi sita ni ngumu anasema kuna mtu ameishindilia. Msimamizi wa kaka alifikiri hivyo hivyo, na simlaumu sana kwa kufikiri hivyo. Namlaumu kwa kumfukuza mtu kabla ya kuuliza.

Tatizo ni kwamba grini za kisasa hazijengwi kwa udongo, zinajengwa kwa mchanga. Chama cha gofu cha Marekani, USGA, kilitoa mwongozo wake wa kwanza wa ujenzi mwaka 1960, na mpaka leo viwanja vingi duniani vinaufuata au vinauiga. Chini kabisa kuna mabomba ya kutoa maji, juu yake kokoto sentimita 10 hivi, halafu mchanga sentimita 30. Siyo mchanga wowote. Angalau asilimia 60 ya punje ziwe kati ya robo milimita na milimita moja, na ule mfinyanzi laini usizidi asilimia 3. Unaweza kuchanganywa na mboji kidogo, lakini ni kidogo kweli.

Sasa njoo ufukweni jioni nikuonyeshe. Juu kule kwenye mchanga mkavu baiskeli haiendi, gurudumu linazama. Shuka kidogo, pale maji yalipofika yakarudi, mchanga una unyevu, hapo unaendesha baiskeli kama uko kwenye lami. Shuka tena mpaka maji yanapochezea, mchanga umejaa maji, mguu unazama tena. Mchanga ni ule ule! Tofauti ni unyevu, na jinsi punje zilivyoshikana. Grini mpya ni ile sehemu ya katikati. Mchanga umemwagwa ukiwa na unyevu, umesawazishwa, umeshindiliwa kwa makusudi ili usije ukatitia baadaye, na hauna pa kukimbilia maana umebanwa kila upande. Lazima uwe mgumu.

Lakini ugumu wake siyo kama wa udongo wa bonde la Malagarasi. Udongo wetu wa mfinyanzi ukikanyagwa, matundu yake yanazibwa, maji hayapiti, mizizi haipumui, jani linakufa. Mchanga ukishindiliwa punje zinagusana, lakini kati ya punje na punje panabaki nafasi, maji na hewa vinapita. Mguu unakwambia vyote ni vigumu, mzizi unaona tofauti kubwa.

Kinacholainisha grini ni umri. Chukulia unalala. Grini mpya ni mkeka uliotandikwa kwenye sakafu: majani yenyewe ni membamba, chini yake mchanga mtupu. Kadiri majani yanavyoota, kufa na kuota tena, mizizi, vikonyo na majani makavu vinajikusanya juu ya mchanga. Mwaka wa kwanza ni kidogo sana. Mwaka wa pili, wa tatu, panakuwa na tabaka la sentimita moja mbili, na hapo mkeka umegeuka kuwa godoro jembamba. Mpira unatua, unaacha alama ndogo, unasimama. Kwenye nchi za joto kama yetu inaenda haraka zaidi kuliko Ulaya, maana ukoka huku haulali kwa baridi. (Na huo ukoka bana! Aina nyingi za majani ya grini za nchi za joto, kama Tifdwarf iliyotolewa Marekani mwaka 1965, zimetokana na ukoka wa kawaida na ndugu yake wa Afrika Kusini. Sisi tunang'oa shambani, wenzetu wanauza.)

Je, rola ya kaka? Rola nyepesi mara chache kwa wiki kwenye grini ya mchanga inalainisha njia ya mpira, haifinyi mchanga kiasi cha kuugeuza sakafu. Nilimuuliza kaka anieleze ukweli, naye siyo malaika, akakiri kuna siku pampu iliharibika wakakosa kumwagilia. Hiyo ina mchango wake, grini ikikauka inadunda zaidi. Lakini grini ilikuwa inadunda hata kabla ya hapo.

Kilichoniuma ni walichofanya baada ya yeye kuondoka, alivyosimuliwa na mwenzake aliyebaki. Walitaka ulaini wa haraka, wakaleta udongo mweusi na samadi, wakamwaga juu na kusawazisha. Wadau, hilo nd'o kosa lenyewe. Udongo wa punje ndogo ukikaa juu ya mchanga wa punje kubwa, maji hayashuki mpaka udongo wa juu ulowe kabisa. Mvua ikinyesha yanatuama, mizizi inabaki juu juu, ukungu unaingia. Grini inakuwa laini, ndiyo, laini kama ugali wa maji. Kuliondoa tabaka kama hilo ni kazi ya miaka, unatoboa matundu, unatoa udongo, unajaza mchanga, unarudia. Kinachotakiwa kuongezwa juu ni mchanga ule ule uliojengewa, kidogo kidogo, mara kwa mara.

Maana hata godoro likiachwa linazidi. Grini iliyozeeka bila kutobolewa na kuwekewa mchanga, lile tabaka linanenepa, linanyonya maji kama sifongo, nyayo zinabaki. Kwa hiyo fundi wa grini miaka ya mwanzo anasubiri ulaini, baadaye maisha yake yote anapigana nao. Miaka ya mwanzo kazi yake ni kulisha majani mbolea kidogo kidogo, kwa sababu mchanga mpya haushiki chakula, na kutokata chini sana kwa pupa ili watu wafurahie picha za ufunguzi.

Na kuna vipimo, siyo lazima kubishana kwa hasira. Kuna nyundo ya Clegg, ilibuniwa Australia kwa ajili ya kupima barabara. Chuma kinadondoshwa ndani ya bomba, kifaa kinasoma kimesimama kwa ghafla kiasi gani. Unaandika namba leo, unaandika baada ya miezi mitatu, unaona grini inaelekea wapi.

Wazee wa gofu wa Afrika Mashariki nadhani wanacheka, maana enzi zao viwanja vingi havikuwa na grini za majani kabisa, vilikuwa na "brauni", mchanga uliochanganywa na oili chafu usipeperuke. Unaburuza kusawazisha, unacheza.

Hata asiyejali gofu jambo hili linamhusu, kwa sababu viwanja vikubwa vya mpira navyo hujengwa juu ya mchanga. Machi 2025 CAF waliufungia kwa muda Uwanja wa Benjamin Mkapa kwa hali ya sehemu ya kuchezea, mkaona kelele zilivyokuwa. AFCON ya 2027 tumepewa sisi, Kenya na Uganda. Majani mapya yatalaumiwa sana, na kila penye lawama kuna kibarua amesimama karibu na rola.

Kaka anataka kwenda kuomba kazi Fort Ikoma, Serengeti, kwenye ule mradi wa TANAPA wa uwanja wa gofu wa mashimo 18. Ameniomba nimchapishie haya kwenye karatasi. Nakala ya pili ni ya mama mkubwa. Nitamsomea mwenyewe Jumapili, akishamaliza kukamua mawese.