Ufundi wa Mbao (4): Kisu cha Randa na Mbinuko Wake

Wiki iliyopita tulinoa patasi, na sharti lilikuwa makali yanyooke. Leo sharti hilo tunaliweka kando. Kisu cha randa kikinyooshwa kama patasi, pembe zake mbili huchimba, na kila unapopita unaacha mfuo. Mbao ikiwa kavu mifuo hiyo haionekani sana. Subiri upake vanishi, ndipo itakapojitokeza katikati ya meza ya mteja.

Dawa yake ni kuyapa makali mbinuko: katikati patangulie, pembe zibaki nyuma kidogo. Si jambo geni. Joseph Moxon wa London, aliyeanza kutoa maandishi yake ya ufundi kwa mfululizo mwaka 1678 (makala za mfululizo, kumbe, hazikuanza na sisi), alieleza kwamba kisu cha randa ya kazi ya kwanza hubinuka katikati.

Swali la maana ni kibinuke kiasi gani, na hapa ndipo wengi hukosea kwa kutumia kipimo kimoja kwa randa zote. Chukua randa ya kuparuzia, ile ya ukubwa wa namba 5, yenye kisu cha upana wa milimita 50. Ukikinoa kwa kufuata duara lenye nusu kipenyo cha milimita 250, pembe zitabaki nyuma kwa milimita 1.25. Lakini kisu kimelala kwa nyuzi 45, kwa hiyo kwenye mbao tofauti hiyo inashuka hadi milimita 0.9 hivi. Kinatosha kung'oa maranda mazito na kuondoa alama za msumeno. Randa ya kulainishia, namba 4, haitaki hata robo ya hapo. Pembe zikibaki nyuma kwa unene wa karatasi ya daftari, basi.

Kwa randa ya kuparuzia, kata kiolezo cha bati, kilaze juu ya kisu na uchore upinde. Peleka kisu kwenye jiwe la mashine kikiwa kimesimama wima, ule chuma mpaka kwenye mstari, ndipo urudishe mshazari wa nyuzi 25. Chovya kwenye maji kila mara. Chuma kikigeuka buluu, ugumu umekwenda, na sehemu hiyo haitashika makali hadi uisage yote iondoke.

Kisu cha kulainishia hakihitaji mashine. Kinoe kwanza kikiwa kimenyooka, kisha sogeza kidole kwenye pembe ya kulia, ukandamize na kusukuma mara chache. Hamia pembe ya kushoto, idadi ileile. Malizia katikati kwa mkono mwepesi. Papasa mgongo wa kisu: utasikia kijinywele cha chuma kimejikunja upana mzima. Kama pembeni hakipo, hujafika. Laza mgongo bapa kabisa juu ya jiwe ukiondoe. Mgongo haubinuliwi kamwe.

Kuna mafundi wanaopata mbinuko bila kukusudia, kwa sababu jiwe lao limeliwa katikati. Makali hutoka yamebinuka, ni kweli, ila jiwe hilohilo huharibu mgongo. Lisawazishe kwa msasa uliolazwa juu ya kioo.

Faida ya pili ya mbinuko haisemwi sana. Ukingo wa mbao ukiwa umekaa upande, usiiinamishe randa. Isogeze tu, mpaka katikati ya kisu pawe juu ya upande ulioinuka. Pale itakula zaidi, kule itapapasa, na baada ya kupita mara chache kipimapembe kitakaa sawasawa.

Vipimo hivi havihusu randa za ulalo mdogo, ambazo kisu hulala kwa nyuzi 12 na mshazari ukitazama juu. Humo ile milimita 1.25 inabaki kama 0.26 tu kwenye mbao, kwa hiyo upinde lazima uwe mkali zaidi.

Wiki ijayo tutakiangalia chuma cha juu kinachobana kisu. Kwa sasa, ukinunua randa kuukuu na kukuta kisu kimebinuka, usikimbilie kukinyoosha. Kipime kwanza, huenda aliyekinoa alijua anachofanya.